Jibu: Uwanja wa ndege wa zamani kuwa bustani ya watu wote

Ndugu, umeuliza kama uwanja wa ndege uliofungwa katikati ya jiji unaweza kweli kuachiwa wananchi wapumzike, bila kujazwa maghorofa. Unaweza. Tazama Tempelhof, Berlin. Ulifungwa Oktoba 2008, na Mei 2010 mageti yakafunguliwa kwa kila mtu. Ni zaidi ya hekta 300, na hakuna kiingilio.

Ninachokipenda mimi ni kwamba hawakuvuruga kitu. Njia za kurukia ndege hazikung'olewa. Kwenye lami ileile leo watu wanaendesha baiskeli, watoto wanajifunza viatu vya magurudumu, na upepo ukivuma tiara zinajaa angani. Upande mmoja majirani wamepanda mboga na alizeti ndani ya masanduku ya mbao chakavu yaliyojazwa udongo, badala ya kuchimba ardhi yenyewe. Sehemu ya nyasi hufungwa msimu wa kutaga, maana kuna ndege wadogo wanaojenga viota chini kabisa.

Lakini usidhani walipewa kirahisi. Serikali ya jiji ilitaka kujenga nyumba pembezoni, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwani kodi za nyumba zilikuwa zinapanda. Wananchi wakakusanya saini, kura ikapigwa Mei 2014, na zaidi ya asilimia 64 wakataka uwanja ubaki kama ulivyo. Matokeo yale yakawa sheria.

Kwa hiyo huko kwenu msianze na mchoro wa bustani. Piganieni kwanza ardhi iandikwe kuwa ya umma, kabla mwekezaji hajafika.