Damu kavu ya malaria: karatasi kwanza, mseto baadaye

Sampuli nyingi za kufuatilia usugu wa dawa za malaria huharibika kabla hazijafika maabara. Mgonjwa anameza mseto (dawa ya artemetha na lumefantrini), ndipo mtu anakumbuka karatasi ya kichujio ya kukaushia damu. Artemetha huanza kufagia vimelea ndani ya saa chache, na hapa Dodoma, ambako wagonjwa wa malaria ni wachache, kila tone lina thamani. Kipimo cha haraka kikisoma chanya, chukua damu kabla ya dozi ya kwanza.

Shika karatasi kwenye ukingo wake. Acha tone lijae kwenye ncha ya kidole, liguse karatasi mara moja, na linywewe hadi lionekane upande wa pili. Maikrolita 50 kwa kila duara zinatosha. Jaza maduara 3. Usisugue kidole, wala usiongeze tone juu ya tone.

Hewa yetu kavu inasaidia, ila upepo wa kiangazi huleta vumbi, na nzi hula damu mbichi. Anika kivulini, karatasi zisigusane, angalau saa 4. Kulaza usiku mzima ni bora zaidi. Iliyokauka huwa kahawia iliyokolea. Ukiifunga ingali nyekundu, itaota ukungu na DNA itaoza. Kila karatasi iwe na mfuko wake wa zipu na pakiti ya silika, yaani punje za kunyonya unyevu. Punje zikigeuka rangi, badilisha pakiti.

Slaidi ya siku ya 3, yaani kioo chenye damu ya kutazamwa kwa darubini kuona kama vimelea vimeisha, ndiyo inayokosewa zaidi. Siku ya dozi ya kwanza ni siku ya 0: aliyeanza Jumatatu arudi Alhamisi, si Jumatano. Hesabu vimelea dhidi ya seli nyeupe 200, kisha zidisha kwa 40. Vimelea 30 ni 1,200 kwa maikrolita. Vikibaki siku hiyo, hiyo ni dalili kwamba dawa inavisafisha polepole. Haina maana kwamba mseto umeshindwa. Uliza kwanza kama alimaliza dozi zote 6, kama alitapika, na kama alikunywa pamoja na chakula chenye mafuta.

Kisha uliza habari za safari, maana mabasi ya Kanda ya Ziwa hupita hapa, na Kagera tayari kuna vimelea vyenye R561H, badiliko la jeni ya kelch 13 linalovifanya visafishwe polepole na dawa za kundi la artemetha. Usiulize, “Umesafiri?” Dereva wa lori au mama aliyetoka kumuuguza ndugu atajibu hapana. Uliza, “Mwezi huu umelala wapi na wapi?” Andika wilaya na tarehe palepale kwenye fomu.