Udhibiti, uthabiti au "uthibiti" wa gridi?

SWALI: Naandika ikisiri ya Kiswahili ya utafiti wangu wa uzamili katika uhandisi wa umeme. Kichwa nilichoweka ni "Uundaji wa Modeli na Udhibiti wa Mifumo ya Nguvu za Umeme". Mwenzangu amenisahihisha: anataka "uthibiti" badala ya "udhibiti", na "nishati" badala ya "nguvu". Nimfuate?

JIBU: Usimfuate, kwa yote mawili.

Kosa la kwanza linaanzia mdomoni. Wengi wetu dh na th hutuchanganya, na mkono huandika kile sikio lilichosikia. Lakini hiyo ni mizizi miwili tofauti ya Kiarabu. Dhibiti ni kushika barabara, kutia mkononi; humo mna udhibiti, kidhibiti na mdhibiti. Thibiti ni kuwa imara au kuwa kweli. Humo mna thabiti, uthabiti, thibitisha na uthibitisho. Katika fani nyingine msomaji angekisia ulichokusudia. Katika fani yako hawezi, maana koo zote mbili zina kazi humo humo.

Chukua saa moja jioni, watu wamerudi nyumbani na wamewasha kila kitu. Mzigo, yaani umeme unaohitajika, ukizidi uzalishaji, jenereta hupungua mwendo na masafa ya gridi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) hushuka chini ya hezi 50. Kule kwenye bwawa la kuzalisha umeme, kidhibiti mwendo (abiria wa matatu wanalijua neno hili) hufungua njia ya maji ili mtambo upate maji zaidi. Huo ni udhibiti. Masafa yakirudi na kutulia, badala ya kuyumba mpaka mitambo ijitoe kwenye gridi, huo ni uthabiti. Na ukiilinganisha modeli yako na vipimo halisi vikakubaliana, hapo una uthibitisho. Sasa "uthibiti wa gridi" ni upi kati ya hivyo vitatu? Mtahini wako atauliza hivyo hivyo.

Tuje kwenye nguvu. Nishati ndiyo tunayonunua: uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, ni kilowati-saa moja. Nguvu ni kasi ya kuitoa au kuitumia nishati hiyo, nayo hupimwa kwa wati. Ndiyo maana Bwawa la Julius Nyerere hutajwa kwa megawati 2,115, yaani mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Hiyo ni nguvu; nishati itategemea mitambo imezunguka saa ngapi. Magazeti husema "nishati" kwa yote, na si tatizo. Kwenye tasnifu yenye milinganyo, ni tatizo. Binafsi ningelifuta kabisa neno "nguvu" kwenye kichwa cha utafiti na kuandika "Mifumo ya Umeme", kisha ndani nitenganishe nguvu na nishati kila zinapotokea.

"Modeli" iache. Wapo wanaopendelea "kielelezo", ila tasnifu yako itakuwa na Kielelezo Na. 1, Na. 2 na kuendelea, na hiyo ni michoro tu. Wingi wake ni "modeli hizi", si "mamodeli".