Nguzo kumi, kisha mbili: barua kwa mwanangu anayejiandaa kukimbia kilomita 21

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza sikuwa na miwani, nikadhani unaomba hela. Kumbe umeshalipia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, na unauliza: "Mama, nikitembea kwenye kile kilima cha Mweka nitakuwa nimekimbia kweli, au nitakuwa nimejivika medali ya uongo?" Kukujibu kwa simu kumenishinda, vidole vyangu na hicho kioo havipatani. Naandika kwa mkono, mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Utakuwa umekimbia. Ila kuna kutembea kwa namna mbili, na mimi nimetembea kwa namna zote mbili katika barabara hiyo hiyo.

Unakumbuka mwaka ule niliporudi kutoka kliniki na karatasi ya presha, nikaambiwa nipunguze chumvi na nitembeze mwili? Nilikuwa na miaka 51. Miaka mingi nilikuwa mwalimu wa zamu ya mchakamchaka, nasimama pembeni ya kiwanja, saa mkononi, fimbo ya mpera kwapani, nawahesabu wanaochelewa. Kukimbia mwenyewe, hata siku moja. Nikaanza jioni, watoto wakishaondoka, maana nilikuwa naona aibu. Siku ya kwanza nilimaliza mzunguko mmoja na nusu wa kiwanja. Mlinzi alikuja mbio akaniuliza nyoka yuko wapi.

Baada ya miezi minane nikajiandikisha kilomita 21, kwa kiburi tu, kwa sababu mwalimu mwenzangu alisema wanawake wa umri wetu wabaki kwenye zile kilomita 5 za kujifurahisha. Asubuhi ile pale uwanja wa Ushirika, Moshi, sitaisahau. Giza halijaisha vizuri, spika zinapiga muziki, watu maelfu wamejibandika namba vifuani, na mlima umetoka wazi kabisa, theluji inaanza kupata rangi ya chungwa. Mwili ukanisisimka. Waliporuhusu, nikaondoka na vijana. Mjini watu wanashangilia, barabara karibu tambarare, mimi kifua mbele. Kilomita nne za mwanzo nilizikimbia kama mtu anayewahi basi la mwisho la Arusha.

Sasa kuhusu hicho kilima. Watu wa Dar mnakisimulia kama ukuta, lakini ukuta ungekuwa na nafuu, mtu angeuona akajiandaa. Barabara ya Mweka inapanda kama deni la dukani: leo sukari, kesho sabuni, hushtuki mpaka siku unayosomewa daftari. Unaacha mji, unaingia kwenye migomba na kahawa, kila kona unajiambia hapo mbele patalala, na hapalali. Kufika kilomita ya saba koo linawaka na kichomi kimenikaa chini ya mbavu za kulia. Ya nane nikasimama. Na hapo hapo, mwanangu, kijana mmoja aliyekaa juu ya bodaboda kando ya barabara, niliyemfundisha hesabu darasa la nne, akapaza sauti: "Mwalimu! Mchakamchakaaa!" Barabara nzima ikacheka. Kiitikio nilikijua, pumzi ya kuitikia ndiyo sikuwa nayo.

Nikatembea karibu kilomita mbili, mikono kiunoni, nimekasirika. Bibi mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani alinipita, akaniambia pole.

Nilipofika pa kugeuzia nikadhani Mungu amenikumbuka, maana kurudi ni kushuka. Nikaiachia miguu. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko la mwanzo, na ndilo watu hawalisemi. Ukipanda unachoka pumzi, na pumzi hurudi. Ukishuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki kila hatua, inavutwa huku imekaza, na ikishachanika ndani kwa ndani hairudi siku hiyo. Kilomita ya 17 mapaja yalikuwa kama magogo. Nilimaliza kwa saa 3 na dakika 4. Siku mbili nilishuka ngazi za pale shuleni kinyumenyume, na kucha mbili za miguu zikawa nyeusi, baadaye zikang'oka.

Huko ndiko kutembea kwa namna ya kwanza, mwili umekataa na wewe huna la kusema.

Namna ya pili niliipata mwaka uliofuata, na niliipata kwenye mchakamchaka. Kumbuka ulivyokuwa darasa la kwanza: kiongozi anaimba, wengine mnaitikia, na wimbo wenyewe ndio unaoshika mwendo. Hakuna anayeweza kukimbia kasi huku anaimba, kwa hiyo hata yule mtoto mdogo wa nyuma, mwenye kaptura ya kaka yake, haachwi. Miaka yote ile nilikuwa nashika fimbo na somo lenyewe liko mbele yangu. Basi nikaanza kukimbia huku nikiimba pambio za kwaya chinichini. Nikiweza kumaliza ubeti, mwendo ni sawa. Nikikata neno katikati, napunguza. Na kwenye kupanda nikahesabu nguzo za umeme: nakimbia nguzo kumi, natembea mbili, nakimbia kumi, natembea mbili. Tangu nguzo ya kwanza ya mwinuko, wakati bado nina nguvu, wakati vijana wananipita na kunihurumia. Wengi wao niliwakuta mbele wameshika magoti. Mwaka ule nilitumia saa 2 na dakika 41, na nilitembea mara nyingi kuliko mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo usiniulize kama inaruhusiwa. Tembea kabla hujalazimika. Nguzo mbili, mikono ikiwa inaendelea kupiga, kisha unaanza tena hata kama unajisikia vizuri kubaki unatembea. Hasa ukijisikia vizuri kubaki unatembea.

Mazoezi. Umesema na kile kikundi chenu cha jogging mnakimbia kilomita tano kila Jumapili, na una wiki kumi na mbili. Zinatosha. Kimbia siku tatu kwa wiki, nne ukipata nafasi. Siku mbili ziwe fupi, kilomita nne hadi sita, na Jumamosi ndiyo safari ndefu. Anza na saba, ongeza moja au moja na nusu kila wiki, na kila wiki ya nne rudi nyuma kidogo mwili upate kujijenga. Ndefu kuliko zote iwe 17 au 18, wiki tatu kabla. Hizo tatu zilizobaki utazimaliza siku yenyewe kwa kelele za watu. Wiki mbili za mwisho punguza, na hapo ndipo wengi mnaharibu, mnajiona wavivu, mnaenda kujipima nguvu Jumatano ya wiki ya mbio.

Dar mna joto, na joto hilo litakusaidia, kwa sababu jua la Moshi mwishoni mwa Februari likishapanda halina huruma. Ila kule Oysterbay na daraja la Tanzanite ni tambarare mno. Mara moja kwa wiki tafuta mlima: Makongo Juu, Pugu, popote panapopanda. Na usipande tu ukarudi kwa bajaji. Shuka ukikimbia, hatua fupi fupi, magoti yamelegea kidogo, kama unashuka mfereji na ndoo ya maji kichwani. Mapaja yatauma wiki ya kwanza, ya tatu yatakuwa yamezoea. Mapaja yote mawili yakiuma kwa pamoja hiyo ni kawaida. Pakiuma mahali pamoja, pale unapoweza kupaonyesha kwa kidole, pumzika siku tatu, na pakiendelea nenda hospitali, usiende kwa wale wa kikundi wanaojua dawa ya kila kitu.

Alfajiri usikimbie peke yako. Kimbia upande ambao magari yanakuja usoni kwako, uyaone. Bodaboda hawana upande, hao waangalie kote.

Viatu najua utaniuliza. Vyangu vya kwanza nilivinunua mitumba pale soko la Memorial, na sioni aibu, lakini nilivinunua kwa macho. Kiatu kizuri juu kinaweza kuwa kimekufa chini. Bonyeza soli kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama mkate wa juzi, weka chini. Kisha acha nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu, maana miguu huvimba njiani na kwenye kushuka vidole husukumwa mbele. Kucha zangu mbili zililipia somo hilo. Na chochote utakachovaa siku ya mbio, kiwe kimeshakimbia nawe kilomita kumi na tano. Ile fulana mpya watakayokupa siku ya kuchukua namba, kaa nayo ya kupigia picha. Jipake mafuta ya mgando kwapani, katikati ya mapaja na pale sidiria inapobana. Usipojipaka utanikumbuka bafuni.

Chakula hakina uchawi. Usiku wa Jumamosi kula wali au ugali wako wa kawaida, mapema. Asubuhi chai na mkate, au uji, saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Maji kunywa kidogo kidogo kwenye vituo, unavyosikia kiu. Usinywe kwa woga, kwani maji kupita kiasi nayo huangusha watu, yanazimua chumvi mwilini. Choo kinapanga foleni, wahi.

Sasa nirudi kwenye medali yako ya uongo, maana neno hilo limenikera kidogo.

Mwaka 1968 kwenye Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu aliingia kwenye marathoni. Jiji lile liko juu sana, hewa nyepesi, misuli ikambana, halafu katika kugombania nafasi akaanguka, akaumia goti na bega. Wakamfunga. Akaendelea, mara anakimbia, mara anatembea, anachechemea. Walianza watu 75, walimaliza 57, yeye akiwa wa 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla, na uwanja ulishakuwa karibu mtupu Akhwari alipoingia kwa saa 3:25:27. Darasani nilikuwa nikilisimulia hilo kila mwaka, na sikuwahi kupata mtoto aliyenyoosha mkono kuuliza alitembea nguzo ngapi.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kisasa, chukua la juzi. Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, eti 0.03, yeye na yule Mjerumani aliyekuwa wa pili wote wakaandikiwa 2:09:48. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Simbu alimpita mwenzake kwenye mita za mwisho kabisa, baada ya kilomita 42, maana alikuwa ametunza kitu. Wewe hutamfukuza Mjerumani yeyote, lakini pale mjini, kilomita ya pili, damu ikichemka na muziki unapiga, tunza kitu.

Goti langu la kushoto mwaka huu limenikatalia, kwa hiyo sitakimbia. Nitakaa kwenye barabara ya Mweka, mkono wa kulia unapopanda, pale pale nilipoitiwa mchakamchaka. Nitakuwa na kigoda, khanga ya njano na machungwa yaliyomenywa. Yule kijana wa bodaboda sasa ana duka la vipuri karibu na hapo, na ameahidi kunifungulia mwavuli. Ukinikuta ukiwa unatembea sitashtuka, nitaangalia tu mikono yako kama bado inapiga. Na ukiwa unakimbia nitakuimbisha. Ukishindwa kuitikia, ujue hizo ni nguzo zako mbili.

Njoo Ijumaa, usije Jumamosi usiku kama kawaida yako na mabasi yenu. Namba yako ichukue huko huko Dar kabla hujasafiri, foleni ya huku naijua. Niletee nazi nne na pini za kubandikia namba, za kwangu zimeota kutu. Najua utaniomba kiburu, zile ndizi zetu za maharage, mara tu utakapoweka begi chini. Maharage kabla ya mbio hapana, nitakipika Jumapili mchana.

Mama yako