Nampigaje picha mtu na kwao?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi kijana nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, napiga picha za harusi na kipaimara ndo zinaniweka mjini, ila nina mradi wangu wa pembeni wa kupiga watu na nyumbani kwao, nimeanza na majirani, kuna mama wa wizarani alihamishwa toka Dar, kuna mzee wa Kihindi mwenye duka, babu yake ndo alikuja, na familia moja ya Burundi. Tatizo picha zote zinatoka sawa, mtu kasimama mlangoni anacheka basi. Alafu kuna bibi huko Bahi anakaa kwenye tembe akanikatalia kabisa, eti nataka kumpeleka mjini akachekwe. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, bibi kakwambia ukweli. Picha za tembe tumeziona, paa la udongo, mtoto ana vumbi, imeisha hiyo, yani nyumba inageuzwa umaskini wakati ule udongo wa juu ndo unaokinga jua letu hili la Dodoma. Rudi bila kamera, kaa naye ule mlenda. Siku akikubali zima flashi, mkalishe karibu na mlango kwa ndani, mwanga wa pale unatosha sana.

Za majirani zinafanana kwa sababu unawauliza wanakaa wapi. Waulize "kwenu wapi?" Huyo mama amekuja na serikali (uamuzi wa 1973, kuhama kwenyewe 2016, hatukuwa na haraka) ila kwao anaweza kukwambia Bukoba, akafungua friza akakutolea senene. Piga hapo hapo, achana na mlango. Mzee wa duka naye usishangae akikujibu kwao ni hapa hapa Dodoma, na akikasirika kwamba umeuliza, sawa tu, ameulizwa hivo maisha yake yote, msikilize kwanza kamera baadae.

Katafute picha za James Barnor wa Ghana, alikuwa na studio Accra akaenda London 1959. Kuna moja ya 1967 kampiga mtangazaji Mike Eghan pale Piccadilly Circus katikati ya London usiku, jamaa kanyoosha mikono kama pale ni kwao na wenye mji ndo wageni. Mi naipenda kuliko picha mia za watu wenye masanduku wanasikitika.

Hao wa Burundi uwe makini, kama walikimbia kitu usirushe sura zao mtandaoni hata kama wamekubali kwa upole, maana mgeni huwa anaogopa kukataa. Mikono, sufuria, redio, vinatosha.

Na wote wapelekee printi. Ya bibi ipeleke mwenyewe mpaka Bahi, usimpe bodaboda.