Mwaka wa nuru hauhesabiwi kwa kalenda

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari, hapa Mafinga. Mwanafunzi wangu kaandika kwenye mtihani, kuhusu kundi la nyota liitwalo Kilimia: "Kilimia kilizaliwa miaka ya nuru 440 iliyopita." Nikamkata alama. Mwenzangu wa Kiswahili anasema sentensi haina kosa. Nani kati yetu kakosea? Halafu, ulimwengu unapanuka au unatanuka?

JIBU: Mwenzako kaangalia upatanisho tu, na kweli uko sawa: miaka, iliyopita. Lakini mwaka wa nuru haupiti. Ni umbali, kama kilomita, na hakuna asemaye "nilizaliwa kilomita ishirini zilizopita".

Kinachotuponza ni hilo neno mwaka kukaa mbele. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tumezoea kupima njia kwa saa. Muulize kondakta pale stendi ya Mbeya, Tukuyu ni mbali kiasi gani, hatakutajia kilomita sabini na kitu; atakwambia "saa moja na nusu hivi". Wazee walikuwa makini zaidi, walitanguliza neno mwendo: mwendo wa siku mbili, mwendo wa kutwa. Ndivyo ulivyo mwaka wa nuru. Ni mwendo wa nuru wa mwaka mzima, ikikimbia karibu kilomita 300,000 kila sekunde, na jumla yake ni kama kilomita trilioni 9.46.

Basi mwanafunzi angeandika: "Kilimia kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi." Akitaka kuzungumzia wakati, aiache nuru: "Mwanga tunaouona leo uliondoka Kilimia miaka 440 hivi iliyopita." Kuhusu kuzaliwa, Kilimia kina umri wa miaka milioni 100 hivi, kwa hiyo hata angefuta neno nuru angekosa. Ila hilo ni kosa la somo lako, si la langu la lugha.

Sasa panuka na tanuka. Vitabu vimeshikilia panuka, nawe kwenye mtihani ulishike. Limetokana na -pana, nasi husema mji umepanuka, mawazo yamepanuka. Lakini mimi kuna jambo linanikera. Mji wa Mbeya ukipanuka, nyumba mpya hujengwa pembeni, na mashamba ya watu huliwa. Mwanafunzi akisikia ulimwengu unapanuka atauliza mara moja: unakula shamba la nani? Hauli la mtu. Alichoonyesha mwanafalaki Edwin Hubble mwaka 1929 ni kwamba galaksi (mikusanyiko mikubwa mno ya nyota) zinaachana nasi, na iliyo mbali zaidi huenda kasi zaidi.

Hapo tanuka linasaidia. Kwa baridi ya Mafinga kila mwanafunzi ana sweta, na sweta la mwaka wa tatu huwa limetanuka. Livuteni darasani, mmoja huku, mwingine kule. Hakuna uzi ulioongezwa pembeni, ila kila kitundu kimeachana na jirani yake, na vile vilivyokuwa mbali tangu mwanzo vimeachana zaidi. (Mkiwa barabarani neno hili lina kazi nyingine. Daladala iliyochoka na foleni ya Mwanjelwa ikapita pembeni, hiyo nayo imetanua. Darasa litacheka, liache licheke.)

Maswali yako mawili yanakutana hapa. Kwa Kilimia, miaka ya safari na miaka ya nuru ni tarakimu ileile, ndiyo maana kijana kachanganya. Ukienda mbali sana hazilingani tena. Mwanga mkongwe kuliko wote tunaoupokea umesafiri miaka kama bilioni 13.8, lakini mahali ulipotoka pako sasa umbali wa miaka ya nuru bilioni 46 hivi, kwa sababu njia iliendelea kutanuka nyuma yake ukiwa safarini. Bilioni 13.8 ni miaka. Bilioni 46 ni miaka ya nuru. Alama uliyomkata usiirudishe.