Anza na breki, injini itafuata

Ndugu, umesema una bodi ya pikapu kuukuu, injini ya V8 (ya silinda nane) uliyopewa na pesa kidogo, unauliza uanzie wapi kujiundia gari. Usiokoteze kipuri kimoja kimoja. Tafuta gari zima lililogongwa ubavuni: utapata giaboksi, difu (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu), usukani na waya vinavyopatana. Mimi nilichanganya vya magari matatu. Propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, ikatetemeka miezi, kumbe pembe za giaboksi na difu hazikulingana.

Mabomba na mipira ya breki nunua vipya, tafadhali sana. V8 ina nguvu ambayo breki za zamani haziiwezi.

Kuchomelea chasisi mwachie fundi mzoefu. Na kabla hujakata chuma, uliza masharti ya kusajili gari lililobadilishwa.