Maswali ya Wasomaji: Iridiamu Haipatikani Juujuu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi hapa Arua na jioni huwa ninacheza Stardew Valley, mchezo wa kulima na kuchimba madini, kwenye simu. Shamba langu limeingia mwaka wa pili, na sasa ninataka vile vinyunyizio vya iridiamu, madini adimu ya mchezo huu, ili nisimwagilie kwa mkono kila asubuhi. Kila ninaposhuka katika Pango la Fuvu narudi na madini kidogo mno, na betri sijapata hata moja. Pia nimeokota kito kimoja chenye rangi zote za upinde wa mvua. Je, nikiuze?

JIBU: Usikiuze. Nenda nacho katika Jangwa la Calico, kule kule liliko Pango la Fuvu, usimame katikati ya zile nguzo tatu za mawe ukiwa umekishika mkononi, nawe utapewa Galaxy Sword, upanga utakaokusaidia sana huko pangoni.

Kinyunyizio kimoja kinahitaji mkuo mmoja wa dhahabu, mmoja wa iridiamu na betri moja, na kila mkuo wa iridiamu hutokana na vipande 5 vya madini ghafi vilivyoyeyushwa kwa kipande 1 cha makaa ya mawe. Ninavyoona, shida yako si bahati, ila ni kupasua kila jiwe katika sakafu za juu, ambako iridiamu ni ya kubahatisha, mpaka siku inakwisha. Kadiri unavyoshuka ndivyo inavyoongezeka, kwa hiyo zihesabu sakafu za mwanzo kuwa njia tu: ukiona shimo rukia, ukikosa shimo tumia bomu, na usirudi nyuma kwa ajili ya shaba. Chagua siku ambayo mtabiri wa kwenye runinga amesema mizimu imefurahi, yaani siku ya bahati, na upande basi la jangwani saa 4 asubuhi, mara tu dereva anapofika, kwa sababu ikifika saa 8 usiku utazimia popote ulipo. Shambani hakuna anayekuharakisha. Pangoni saa ni adui kuliko nyoka wanaoruka.

Unaweza pia kushuka kwa ngazi: moja hutengenezwa kwa mawe 99, lakini siku ya Jumapili mfanyabiashara wa jangwani hukupa ngazi kwa kito kimoja cha Jade. Ukiwa na mashine za Crystalarium zinazozalisha Jade, utashuka sakafu kadhaa bila kupigana na yeyote. Kwangu mimi hakuna biashara nzuri kuliko hiyo jangwani. Hata hivyo, mashine hiyo nayo hutaka betri, kwa hiyo anza na betri.

Betri haichimbwi, huletwa na radi. Ukifika kiwango cha 6 cha ukusanyaji wa mazao ya porini utajua kutengeneza kinga-radi kwa mkuo mmoja wa chuma, kwatzi moja iliyosafishwa na mabawa 5 ya popo. Simika kadhaa shambani kabla ya majira ya joto, kwa kuwa tarehe 13 na 26 za majira hayo huwa na dhoruba kila mwaka. Kinga-radi iliyopigwa huanza kutetemeka, na kesho yake betri huonekana juu yake. Ichukue mapema, maana kinga-radi ambayo bado ina betri haiwezi kupokea radi nyingine. (Kama mchezo ungefuata hali ya hewa ya Entebbe, tungekuwa tunazigawa bure.) Majira ya baridi hayana radi kabisa, kwa hiyo weka akiba.

SWALI: Ninacheza mchezo huohuo nikiwa Jinja. Mbao ngumu nizitoe wapi? Nimemaliza visiki vyote vya shambani.

JIBU: Boresha shoka lako liwe la chuma cha pua, kisha likate gogo kubwa lililoziba njia katika kona ya kaskazini-magharibi ya Msitu wa Cindersap. Nyuma yake kuna msitu wa siri wenye visiki vikubwa 6, kila kimoja kikitoa mbao ngumu 2, na kesho yake vyote huwa vimerudi.